Kuhukumu Komiki za Mfululizo Toleo kwa Toleo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Komiki ya mfululizo humfikia msomaji vipande vipande: kurasa 20 mwezi huu, kurasa 20 mwezi ujao. Anayeichambua jinsi inavyotoka anahukumu kitu ambacho hakijakwisha, na pengine hata mwandishi wake hajaamua kitaishaje. Katika majibu yafuatayo, "toleo" ni kijitabu kimoja, "kisa" ni hadithi inayochukua matoleo kadhaa, "mfululizo" ni vyote kwa pamoja, na "mkusanyiko" ni kitabu kinachounganisha matoleo yaliyokwisha kutoka.

Inawezekana kweli kuhukumu hadithi ambayo haijaisha?

Hadithi, hapana. Toleo, ndiyo. Vurugu nyingi katika uchambuzi wa komiki zinatokana na kuchanganya hayo mawili.

Ahadi ni deni, na toleo la komiki hulipa na kukopa kwa wakati mmoja. Malipo ni kila kilichokamilika ndani ya kurasa zake: pambano lililopata mshindi, swali la zamani lililojibiwa, mhusika aliyefanya uamuzi usiorudishika nyuma, mazungumzo yaliyotufunulia jambo. Mkopo ni kila kilichoachwa wazi: mgeni asiye na jina, barua ambayo hatukuonyeshwa maneno yake, mzee anayesema "utajua wakati ukifika". Alama itoke kwenye malipo. Mikopo itajwe kwa maneno na iorodheshwe pembeni, lakini isiongezewe alama kana kwamba imeshalipwa.

Ukiacha kanuni hiyo utaona jambo moja likijirudia: toleo la kwanza linapata alama za juu mno kwa sababu limejaa ahadi, na la mwisho linapata za chini mno kwa sababu limebeba mzigo wa ahadi zote.

Hata hivyo, namna ya kukopa inahukumika papo hapo. Fumbo zuri ni lile ambalo msomaji anaweza kulitamka kwa sentensi moja: nani alimuua fulani? Kwa nini mji huu hauna watoto? Ukimaliza toleo na huwezi kusema swali lenyewe ni lipi, hilo ni kasoro ya toleo hilo, na jibu la miezi sita baadaye halitaifuta.

Kwa nini nisisubiri mkusanyiko nikaisoma yote kwa mpigo?

Unaweza, lakini hapo utakuwa unahukumu kitu kingine. Muda wa kungoja ni sehemu ya umbo lenyewe. Mwandishi aliyeweka taharuki ukurasa wa 20 alijua utakaa nayo wiki nne ukibahatisha majibu; kwenye mkusanyiko unageuza karatasi tu.

Sababu ya pili ni ya kibiashara. Katika mfumo wa Marekani, maduka ya komiki huagiza nakala kabla ya toleo kutoka, na kwa kawaida nakala zisizouzwa hazirudishwi. Oda za toleo la pili na la tatu hupangwa wakati la kwanza ndiyo kwanza linaanza kusomwa. Mfululizo unaweza kufa huku wanaoupenda wakingoja mkusanyiko ambao, kwa kungoja kwao, hautafika mbali.

Toleo moja nilisome mara ngapi kabla ya kuandika?

Mara mbili, kwa namna mbili tofauti.

Mara ya kwanza soma bila kusimama wala kuandika chochote, ila angalia saa. Toleo la kurasa 20 huchukua takriban dakika 10 hadi 15. Likikuishia kwa dakika tano, usilaumu upesi. Huenda ni toleo la pambano lenye maneno machache na picha kubwa. Likikuchukua nusu saa, pengine limejaa maelezo. Muda ni dalili tu, sababu utaitafuta kwenye usomaji wa pili.

Mara ya pili shika penseli. Hesabu fremu (visanduku vya picha) kwa kila ukurasa, tia alama kila mandhari yanapobadilika, na pima uzito wa maneno. Kipimo cha zamani, kinachohusishwa na Mort Weisinger aliyekuwa mhariri wa DC, kampuni ya komiki ya Marekani, ni maneno 35 kwa fremu katika ukurasa wa fremu sita, yaani 210 kwa ukurasa mzima. Si sheria, na wapo waandishi wanaoivunja vizuri. Ila ukikuta fremu ya maneno 80, angalia ni sehemu gani ya mchoro imefunikwa ili yapate nafasi.

Kati ya usomaji wa kwanza na wa pili, rudia kurasa tano za mwisho za toleo lililotangulia. Huchukua dakika tatu, na zinakuepusha na kulalamika kwamba jambo halikuelezwa kumbe lilielezwa mwezi uliopita. Usitegemee ukurasa wa "ilipoishia", kwa sababu huandikwa kwa ajili ya mgeni na huacha mambo madogo ambayo ndiyo yanayokuja kugeuka makubwa.

Unaposoma kwenye skrini, zima mtindo wa kuonyeshwa fremu moja moja. Ukurasa umepangwa uonekane wote, na ukubwa wa fremu moja una maana ukiilinganisha na jirani zake.

Kwenye daftari niandike nini?

Namba ya toleo, tarehe lililotoka, na majina ya wote waliolifanyia kazi. Tarehe iwe ile ya kutoka, si iliyochapwa kwenye jalada: katika komiki za Marekani tarehe ya jalada kwa desturi huwa ya baadaye kuliko ya kutoka, mara nyingi kwa miezi miwili hivi, na ukiifuata utakosea kila hesabu ya ucheleweshaji. Kisha sentensi moja ya kilichotokea, sentensi moja ya kilichobadilika (hizi si kitu kimoja), orodha ya mikopo mipya, na orodha ya mikopo iliyolipwa pamoja na namba ya toleo ilikokopwa.

Orodha hiyo ya mwisho ndiyo inayokufaa baada ya mwaka. Ukifika toleo la 12 na una mikopo 15 iliyo wazi na miwili tu iliyolipwa, huhitaji hisia kukuambia kwamba mfululizo una tatizo.

Toleo la kwanza nalo lipimwe kama mengine?

Lina kazi nyingine, kwa hiyo lina mizani yake. Likikamilika unapaswa kujua mambo manne: huyu ni nani, anataka nini, nini kinamzuia, na dunia yake ina kanuni gani. Ukikosa moja unaweza kuvumilia. Ukikosa mawili, toleo limetumia kurasa zake kwa kujitangaza.

Kosa linalojirudia zaidi ni lile la kuanza na tukio la baadaye kisha kurudi nyuma: kurasa tatu za kishindo, mtu anaanguka kutoka juu ya jengo, kisha "siku tatu kabla". Mbinu si mbaya, ila huwa inaficha kwamba mwanzo wenyewe hauna mvuto. Jaribu kuanza kusoma kutoka ukurasa wa nne. Kama hujapoteza kitu, kurasa zile tatu zilikuwa pambo.

Usiliongezee toleo la kwanza alama kwa sababu lina majalada kumi tofauti. Hayo ni mauzo.

Toleo la katikati ambalo "hakuna kinachotokea" ni baya?

Inategemea kama hakuna kinachotokea au hakuna kinachobadilika. Matoleo ya pili hadi la nne ya kisa cha matoleo sita ndiyo yanayoonewa zaidi na wachambuzi, na wakati huohuo ndiyo yanayoficha uvivu mwingi zaidi.

Asili ya Spider-Man ilisimuliwa mwaka 1962 katika Amazing Fantasy namba 15 kwa kurasa 11: kuumwa na buibui, nguvu, majivuno, kifo cha mjomba, majuto. Ultimate Spider-Man, iliyoanza mwaka 2000, ilitandaza mambo hayohayo katika kisa cha matoleo saba. Wapo waliosema huko ni kuvuta kamba. Lakini kurasa zilizoongezeka zilikwenda kwa mjomba na shangazi, shule, mazungumzo ya mezani, hata kifo kilipokuja kilimuua mtu tuliyemzoea. Kurefusha huko kulilipa. Kurefusha kusikolipa ni pale mazungumzo ya ukurasa mmoja yanapopewa sita, na watu wanaoongea wanabaki walewale baada ya kuongea.

Kuna sababu ya kiufundi pia: wachapishaji hupenda visa vya matoleo manne hadi sita kwa sababu ndiyo unene unaofaa kwa mkusanyiko. Hadithi yenye nyama ya matoleo matatu hunyooshwa ifike matano. Utaligundua hilo kwenye toleo la tatu: wahusika wanaenda mahali, wanakosa walichofuata, wanarudi. Jiulize: nikiliruka toleo hili nikasoma linalofuata, nitakwama wapi? Kama jibu ni "popote sitakwama", andika hivyo waziwazi.

Nitahukumuje mchoro na mimi si mchoraji?

Kwa kuangalia kama unasimulia. Uzuri wa mstari ni suala la ladha, usimulizi unapimika, na vipimo vyake havihitaji mkono wa kuchora.

Chukua kurasa tatu, funika viputo vya maneno kwa vipande vya karatasi, kisha soma picha peke yake. Unapaswa kujua nani yuko wapi, nani amefanya nini, na hali ya moyo ya kila mmoja. Kisha fanya kinyume: soma maneno tu. Kama maneno yanarudia kile picha ilichokwisha kusema ("Anakuja na kisu!" juu ya picha ya mtu anayekuja na kisu), mwandishi hamwamini mchoraji wake. Na kama picha tupu na maneno matupu vyote viwili havieleweki mpaka viunganishwe, hapo huenda unaangalia kazi nzuri sana, kwa hiyo usikimbilie kukosoa.

Angalia pande. Watu wawili wakizungumza, mmoja kushoto na mwingine kulia, wabaki hivyo mpaka kuwe na sababu ya kuwahamisha. Wakibadilishana pande kati ya fremu na fremu, msomaji anapotea bila kujua kwa nini amepotea. Katika mapambano ndiyo utaona wachoraji wazuri na wabaya wakitengana: ngumi inarushwa kutoka kulia, aliyepigwa anaanguka upande uleule ilikotoka. Hapo kuna kasoro.

Angalia kugeuza karatasi. Katika kitabu kinachosomwa kutoka kushoto kwenda kulia, kurasa za namba witiri hukaa kulia na za namba shufwa hukaa kushoto. Mshtuko hufichwa kwenye ukurasa wa kushoto, ule unaoonekana baada ya kugeuza. Ukiwekwa kulia, jicho limeshauona kabla hujaufikia. Kabla ya kumlaumu mchoraji, chunguza matangazo: tangazo moja lililoingizwa vibaya husukuma kurasa na kuharibu mpango ambao yeye aliupanga sawasawa.

Mpangilio wa fremu nao husema. Watchmen, ya matoleo 12 yaliyotoka 1986 na 1987, imejengwa juu ya gridi ya fremu tisa, na kwa hiyo fremu yoyote inayovunja gridi hiyo inapiga kelele. Toleo lake la 5 limepangwa kama kioo, ukurasa wa kwanza ukiakisi wa mwisho mpaka kukutana katikati. Mambo kama haya hayaonekani kwa usomaji wa kwanza, ndiyo sababu ya ule wa pili.

Viputo, rangi na herufi vinastahili kutajwa?

Vinastahili, na wengi husahau. Viputo husomwa kutoka juu kushoto. Anayesema kwanza akichorwa kulia, mikia ya viputo italazimika kupishana na fremu itachafuka. Hilo ni kosa lililoanza kwenye maandishi au penseli, ila anayelaumiwa ni mwandika herufi, yaani anayeweka maneno kwenye viputo.

Kuhusu rangi, taja umesomea wapi. Tukio la usiku linalong'aa kwenye skrini linaweza kuwa doa jeusi kwenye karatasi, kwa sababu karatasi hunywa wino.

Toleo lina wachoraji watatu na watia wino wanne. Hiyo ina maana gani?

Mtia wino hupitisha wino juu ya mchoro wa penseli. Kwa kawaida orodha hiyo ina maana muda uliisha. Orodha ndefu ya watia wino ni dalili kubwa zaidi ya dharura kuliko orodha ndefu ya wachoraji, kwani wachoraji wawili wanaweza kugawana kwa makusudi, mmoja leo na mwingine kumbukumbu za zamani. Hakikisha: je, mchoro unabadilika mahali hadithi inapobadilika, au katikati ya mazungumzo?

Dalili nyingine za haraka: mandhari ya nyuma yanapotea na kuachiwa rangi tupu, watu wanakuwa vivuli vyeusi, fremu ileile inarudiwa mara tatu bila mzaha wala uzito wa kuihalalisha. Taja unachokiona. Usidai mchoraji ni mvivu, kwani hujui alikabidhiwa maandishi lini.

Ukurasa wa mwisho wenye kishindo upandishe alama?

Upandishe kidogo sana, na tu kama umetokana na yaliyotangulia. Fanya hesabu hii: ondoa ukurasa wa mwisho, toa alama, kisha urudishe. Kama alama inaruka kutoka 5 hadi 8, umenunuliwa na ukurasa mmoja kati ya 20.

Kuna taharuki ya kweli na ya uongo. Ya kweli humlazimisha mhusika kuchagua. Ya uongo hufutwa kwenye fremu ya kwanza ya toleo linalofuata: risasi ilikosa, ilikuwa ndoto, aliyekufa ni pacha. Weka hesabu. Mwandishi aliyefanya ya uongo mara mbili mfululizo hastahili kusisimkiwa mara ya tatu.

Mizani ya alama iwe ipi, na wastani una maana gani?

Kumi inatosha. Tano iwe toleo la kawaida lililofanya kazi yake, si toleo baya. Kwa wachambuzi wengi saba imekuwa ndiyo sakafu, na mizani yenye sakafu ya saba ina namba nne tu. Kabla ya kutoa 9, taja toleo jingine ulilowahi kulipatia 9 kisha yalinganishe.

Wastani wa matoleo usiuite alama ya kisa. Tazama: kisa kimoja kinapata 8, 7, 7, 8, 9, 3. Jumla 42, wastani 7. Kingine kinapata 6, 6, 5, 6, 8, 10. Jumla 41, wastani haufiki 7. Kwa hesabu, cha kwanza ni bora. Kwa msomaji yeyote aliyevimaliza vyote viwili, cha kwanza kimeanguka mlangoni na cha pili kimefika. Kisa kikiisha, kisome upya chote kwa mkao mmoja ukipe alama yake ya peke yake.

Je, nimwamini mwandishi kwamba anajua anakokwenda?

Mwamini kwa kadiri ya malipo yake, na kumbuka kwamba wakati mwingine uamuzi si wake.

Mwaka 1980 kisa cha mhusika Phoenix katika X-Men kilifikia toleo la 137 likiwa limeshachorwa na mwisho mmoja. Mhariri mkuu wa Marvel, kampuni inayoichapisha, Jim Shooter, akaukataa, na mwisho ukabadilishwa mhusika huyo afe. Kurasa za awali zilikuja kuchapishwa mwaka 1984. Mwisho uliolazimishwa ndio unaokumbukwa hadi leo, kwa hiyo kuingiliwa si lazima kuharibu.

Mwaka 1988 DC iliwaachia wasomaji wapige simu kuamua kama Robin wa pili, Jason Todd, msaidizi wa Batman, aishi au afe. Kura za kifo zilikuwa 5,343, za uhai 5,271. Kurasa za matokeo yote mawili ziliandaliwa. Aliyeyachambua matoleo ya mwanzo ya kisa hicho akitafuta "mpango" wa mwandishi alitafuta kitu ambacho hakikuwapo.

Na upo upande mbaya. Mwaka 1991, katika Armageddon 2001 ya DC, mhalifu aliyejificha nyuma ya kinyago alipangwa awe shujaa Captain Atom. Siri ikavuja, wachapishaji wakabadili jibu kuwa shujaa mwingine, Hawk, na dalili zilizokuwa zimepandwa kwenye matoleo ya awali zikabaki hazilingani na mwisho. Ndiyo maana tunasisitiza kuorodhesha mikopo. Mwenye daftari anaweza kuonyesha ni dalili ipi, ya toleo lipi, iliyopingana na jibu. Asiye nalo anabaki kusema "mwisho haukunishawishi".

Toleo limechelewa miezi minane. Nilihukumu kwa hilo?

Litaje, usilikate alama. Ucheleweshaji ni kasoro ya uchapishaji, na wasomaji wa kesho wataokota toleo hilo bila kungoja hata siku moja. Camelot 3000 ilianza 1982 na matoleo yake 12 hayakukamilika hadi 1985. Planetary ilitoa toleo la 26 mwaka 2006 na la 27, la mwisho, mwaka 2009.

Kinachoruhusiwa kuhukumiwa ni athari zake ndani ya kurasa. Civil War ya Marvel, iliyoanza 2006, ilipochelewa, vitabu vingine vilivyofungamana nayo ililazimu vingoje, la sivyo vingetangulia kusema yaliyopaswa kuwa siri. Mapumziko yaliyotangazwa ni jambo tofauti: Saga ilisimama baada ya toleo la 54 mwaka 2018 na kurudi na la 55 mwaka 2022, kwa uamuzi wa waandaaji wenyewe. Baada ya pengo la namna hiyo, soma upya angalau kisa kizima cha mwisho kabla ya kugusa toleo jipya.

Matoleo ya kando ya tukio kubwa niyasome yote?

La. Tukio kubwa ni hadithi inayogusa mifululizo mingi kwa pamoja. Chagua kabla ya kuanza: utafuata kitabu kikuu, pamoja na yale ambayo ungeyasoma hata kama tukio lisingekuwapo. Kisha hukumu kitabu kikuu kama kinasimama peke yake. Kikikutaka ununue kitabu kingine ili uelewe kwa nini mtu amekufa, kimeshindwa.

Kwa utaratibu, fuata mpangilio wa kutoka, usifuate wa matukio. Mwaka 1984 Spider-Man alitokea na vazi jeusi katika Amazing Spider-Man namba 252, yenye tarehe ya jalada ya Mei, wakati Secret Wars, kitabu kikuu cha tukio kubwa, ndiyo inaanza. Alikolipata vazi hilo kulielezwa katika Secret Wars namba 8, ya Desemba. Anayepanga kwa matukio anaanza na jibu na kuharibu fumbo la miezi saba.

Toleo jipya limebadilisha maana ya lile nililokwisha kulihukumu. Nirekebishe alama?

Usiifute. Ongeza maelezo chini yake yenye tarehe. House of X na Powers of X za mwaka 2019, komiki za X-Men, ni mfano mzuri: matoleo sita kwa kila moja, yakitoka kila wiki kwa wiki 12. Toleo la 2 la House of X lilipofichua kwamba mhusika Moira ameishi maisha kadhaa, matukio ya matoleo mawili yaliyotangulia yalipata maana mpya. Aliyekuwa ameandika "sielewi nyakati hizi nne zinaunganaje" hakukosea. Ndivyo toleo lile lilivyokuwa siku ile, na kutoelewa huko kulikuwa sehemu ya mpango. Hukumu ya kwanza ni ushahidi wa jinsi hadithi ilivyofanya kazi ilipokuwa ikitoka, na ushahidi huo haupatikani tena baada ya kujua mwisho.

Kosa la kweli, kama kutaja jina la mhusika asiye yeye, lisahihishe mara moja na useme umelisahihisha.

Nifichue kiasi gani?

Theluthi ya kwanza ya toleo unaweza kuisema wazi, na chochote kilichotangazwa na mchapishaji mwenyewe. Zaidi ya hapo, weka onyo. Ukurasa wa mwisho usiuguse katika wiki ya kwanza, hata kwa mafumbo: "hutaamini nani amerudi" ni kumwaga mtama kwenye kuku wengi, kwa sababu kila msomaji anajua orodha fupi ya waliokufa.

Jalada na kurasa za nyuma vinahesabika?

Vinahesabika vikiwa sehemu ya hadithi. Katika Watchmen kila jalada ndilo fremu ya kwanza ya toleo, na matoleo 11 ya kwanza yana kurasa za maandishi mwishoni zinazoongeza habari. Jalada linaloonyesha pambano lisilomo ndani ni suala la mwenye kuuza.

Manga na komiki za Ulaya zipimwe vivyo hivyo?

Badili kipimo cha kipande. Sura ya manga (komiki za Japani) ya kila wiki katika jarida kama Weekly Shonen Jump huwa na kurasa 19 hivi, na jarida hilo limejulikana kwa kutumia kura za wasomaji kuamua nani abaki. Ukiona pambano limeingizwa ghafla katika wiki za mwanzo, huenda ni mfululizo unaopigania uhai. Wiki moja haitoshi kulipa deni kubwa, kwa hiyo hukumu sura tatu au nne kwa pamoja. 2000 AD ya Uingereza, inayotoka tangu 1977, hutoa vipande vya kurasa tano au sita. Huko kurasa mbili za kutazamana machoni ni theluthi nzima ya kipande. Tintin ilipoanza mwaka 1929 ilitoka kurasa chache kila wiki gazetini, na bado unaweza kuona kwenye albamu jinsi mwisho wa ukurasa ulivyowekewa ndoano ndogo ya kumvuta msomaji hadi wiki ijayo.

Ukisoma tafsiri, usimhukumu mwandishi kwa sentensi ya mfasiri.

Niache kuufuata mfululizo lini?

Mwisho wa kisa, si katikati, isipokuwa matoleo mawili mfululizo hayakulipa chochote na hayakukopa chochote kipya. Mikopo mingi bila malipo bado ina matumaini. Ukosefu wa vyote viwili maana yake hadithi imesimama.

Mfululizo uliokatishwa na mchapishaji una haki ya huruma kidogo. Utaujua kwa toleo la mwisho linalobana miaka miwili ya mipango katika kurasa 20, maelezo mengi na mandhari machache. Hukumu yale yaliyofika, na mikopo iliyobaki iandike kama haikupata nafasi ya kulipwa, tofauti kabisa na ile ambayo mwandishi alikuwa na matoleo 50 ya kuilipa na hakuilipa.

Mkusanyiko ukishatoka, kuna kazi iliyobaki?

Ulinganishe na matoleo yako. Wachapishaji husahihisha herufi, hubadili rangi, pengine huchora upya fremu iliyolalamikiwa. Majalada huweza kuhamishiwa nyuma, na kurasa za kulia na kushoto zikabadilishana pande baada ya matangazo kuondolewa. Mshtuko uliokuwa umefichwa vizuri unaweza kuwa wazi sasa, au kinyume chake. Uchambuzi wa mkusanyiko useme umesoma kipi, na kama kuna ukurasa uliobadilika, taja namba yake katika vyote viwili.